Thumni ya Mama

Baba alikuwa akisahihisha barua za mkewe kwa wino mwekundu. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma mpaka katikati akidhani nitamlilia.

Alikuwa afisa wa jeshi, na miaka yake bora, kwa kauli yake mwenyewe, aliipitisha kwenye kambi ya mpakani, mahali pa changarawe na upepo ambapo lori la chakula na barua lilifika likijisikia. Mama alikuwa Matrah, mji wa bandari wa Kiarabu, kwenye chumba cha kupanga, bibi harusi aliyetoka Unguja na sanduku moja la nguo na mume ambaye hajamzoea. Akawa anamwandikia. Skuli hakusoma, alisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, kwa hiyo Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya kuchovya na wino wa kichupa, na kila barua aliifungua kwa Bismillahi kama alivyofundishwa. Barua zilikwenda na lori na zikarudi na lori. Zilirudi zile zile zake, na pembeni mwandiko wa Baba kwa herufi za kizungu, mwekundu, umesimama wima kama askari wa gwaride. Maneno mengi. Tarehe iko wapi? Rudia. Akija likizo alizikusanya tena, akazitoboa matundu na kuzifunga kwenye jalada aliloliandika juu yake: Nyumbani.

Mbili katika barua hizo nazijua kwa moyo ingawa sikuwa nimezaliwa. Mama alinihadithia nikiwa mdogo, wakati ananisuka, na kila alipofika pale mkono wake ulivuta nywele bila mwenyewe kujua. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, kabla ya kaka yangu na mimi. Akashikwa na homa. Baba alikuwa ameacha amri kwamba Mama asivuke kizingiti bila ruhusa yake ya maandishi, hata iwe hospitali, na Mama alikuwa mgeni wa mji, bado mtoto mwenyewe, akimwogopa mumewe kuliko homa. Akaandika kurasa mbili. Mtoto hanyonyi, macho yamegeuka, jirani kasema apelekwe, nifanyeje bwana wangu. Lori likarudi na kurasa hizo hizo. Pembeni: Fupisha. Taja unachotaka kwenye mstari wa kwanza.

Mama akakaa akafupisha. Mtoto mgonjwa. Naomba ruhusa ya hospitali. Akatia na tarehe. Lori lilipokuja tena, mtoto alikuwa keshazikwa. Kwenye ile karatasi fupi Baba alikuwa ameandika: Vizuri. Hivi ndivyo. Ruhusa imetolewa.

Wapo watu ambao ukiwasimulia hili hukuuliza, na yeye baadaye alisemaje? Aliitoboa matundu, akaiweka kwenye jalada.

Basi katika mali yote ya mumewe Mama alitaka kitu kimoja tu, nacho ni barua zake. Hakutaka kumshitaki mtu wala kumtangaza. Alitaka maneno yake yarudi kwake kabla hajafa, kwa sababu yameandikwa na mama wa mtoto yule na hayamhusu mwingine. Alimwomba Baba zaidi ya mara moja. Baba alijibu kwamba barua ikishapokelewa ni mali ya aliyeipokea. Karatasi zake zote alizifungia kwenye makasha ya chuma yaliyokuwa ya risasi, na ufunguo ulikaa kwenye uzi kiunoni mwake, akilala nao, akioga nao.

Alikufa asubuhi, kitandani kwake, katika nyumba yetu ya Madinat Sultan Qaboos. Kaka yangu alifika mbio kutoka Rusayl, ambako ana ghala la mabomba ya maji, akaingia chumbani kabla ya waoshaji na kuukata ule uzi. Maiti ilikuwa bado ina joto. Mama alikuwa amesimama hapo hapo, kamwona, na hakuweza kugombana mbele ya maiti. Jioni makasha yalikuwa yameshapakiwa kwenye pikapu.

Na kuanzia saa ile Mama alikuwa kizuka. Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nje, hajipambi, hajifukizi udi, hatokei mbele ya mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Wajane wengine huipenda eda, wanapumua. Kwa kaka yangu eda ilikuwa neema iliyoshuka kutoka mbinguni, maana mtu pekee ambaye angemfuata Rusayl kumpigia kelele alikuwa amefungwa ndani, na aliyemfunga ni dini yenyewe.

Kaka si mwizi. Nasema hivi kwa uchungu, ningependa awe mwizi. Ni mtu wa haki kwa namna ya Baba, haki ya kupima kwa rula. Baba alimchapa kwa rula hiyo hiyo mpaka akaipenda.

Msiba ulipotulia alinionyesha kwenye simu ukurasa wa maktaba moja ya Amerika. "Tazama hii," akaniambia. "Afisa tu, mtu wa kawaida kama Baba. Karne ya kumi na tisa, mpakani kwao huko, akipigana na Wahindi Wekundu. Leo karatasi zake zinatunzwa kama dhahabu. Shajara, ramani, barua za mkewe, kila kitu. Sisi tuna nini cha kuonyesha? Picha za harusi?"

Nilizisoma karatasi za yule Mmarekani nyumbani kwangu. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba ya watu, na macho yangu yamezoea kutafuta kile ambacho mtu amekipitia haraka. Yule bwana yuko kwenye theluji. Amechoma mahema ya watu na mahindi yao ya msimu mzima, watoto wamekimbilia milimani bila mablanketi, na mstari unaofuata anamuuliza mkewe kama mapazia ya sebuleni yameshafika. Hana hasira popote. Mwandiko wake mzuri, mistari imenyooka. Nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji, maana nilihisi Baba amekaa mezani kwangu.

Nikamsimulia Mama. Alikuwa amekaa juu ya mkeka na tasbihi yake, amevaa nguo nyeupe za eda zinazompwaya.

"Na huyo mke wa Mmarekani," akauliza, "waliwahi kumuuliza?"

"Amekufa zamani, Mama."

"Mie sijafa."

Kaka alikuwa amepata mtu wa kuzichukua hizo karatasi. Kuna jumba dogo la maonyesho Matrah, mkabala na Bandari ya Sultan Qaboos, ambalo watalii wa meli huingia kupunga upepo wa kiyoyozi. Kijana wao mmoja alikuja nyumbani kuziangalia, mtu mpole wa mji wa ndani, kanzu safi, hajui hata neno moja la Kiswahili. Kaka aliyarudisha makasha siku hiyo, akayafungua kwenye zulia la majlisi, chumba cha wageni. Mimi nilipeleka kahawa na halua. Mama alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango uliorudishiwa tu.

Kijana akalitoa jalada la Nyumbani. Akaona herufi za Kiarabu, akaona Bismillahi juu, uso ukamng'aa. Akaanza kusoma kwa sauti. Herufi alizijua zote, maana ya neno hakujua hata moja, na alisoma kwa ile sauti nzuri ya mtu aliyehifadhi Kurani utotoni, akivuta panapovutika. Mtoto hanyonyi. Macho yamegeuka. Nifanyeje bwana wangu. Sinia nilikuwa bado nimeishika. Maneno ambayo Mama alinisimulia kwa kunong'ona miaka yote hiyo yalikuwa yanatoka kwenye kinywa cha mwanamume mgeni, anatabasamu, na halua shavuni.

"Hii maana yake nini?" akamuuliza kaka yangu kwa Kiarabu, akiweka kidole kwenye hanyonyi.

Kaka alikuwa amefahamu kila neno.

"Salamu," akasema. "Salamu za nyumbani tu."

Mlango ukagongwa mara moja kutoka ndani. Niliiweka sinia nikaingia. Mama alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea mlango, ushungi kaujaza mdomoni ili sauti isitoke. Akautoa pole pole.

"Kasoma vizuri yule," akasema. "Mwanangu hajapata kusomewa hata khitma, baba yake alisema mtoto hana dhambi, hana haja. Leo kasomewa." Akajifuta macho. "Khalas. Sasa mwambie kaka yako nnataka barua zangu."

Nilimwambia hapo hapo, kwa Kiswahili, mgeni akiwa bado ananawa mikono. Kaka hakukataa. Kukataa kungekuwa afadhali.

"Mali ya marehemu ni ya warithi," akanijibu. "Bi Mkubwa ni mrithi. Ana thumni yake, fungu moja katika manane, Mungu kaliandika. Mimi na wewe tunagawana linalobaki, langu mara mbili ya lako. Karatasi ni mali kama mali nyingine. Nani kaandika nini, hilo sharia haiulizi."

Nilidhani ni maneno ya kunifunga mdomo. Wallahi aliifanya. Alikwenda nazo Rusayl akazipima kwenye mizani ya ghalani, ile ya viungio vya mabomba, akagawa urithi wa karatasi kwa kilo. Kwa watu wengine kichekesho hiki hakiwezekani, kwetu sisi mtu akitaka kukudhulumu vizuri hukudhulumu kwa hesabu ya mirathi, na masheikh wakiulizwa watamwambia hesabu yake iko sawa. Fungu langu lilikuja limejaa ramani. Fungu la Mama lililetwa kwenye katoni, limefungwa kwa gundi ya karatasi, na ndani yake mlikuwa na risiti za mafuta ya magari, ratiba za michezo ya kambi na waraka wa namna ya kuchimba vyoo.

"Haki yako, Bi Mkubwa," Kaka akasema mlangoni. "Sijapunguza hata gramu."

Mama alikunjua waraka wa vyoo akausoma wote, kwa adabu. Mimi sikuwa na adabu. Nilimwita kaka yangu majina ambayo sikujua kama ninayo, na yeye akanitazama kwa huruma kabisa akaniuliza kama naipigia kelele sharia ya Mungu. Jalada la Nyumbani, bila shaka, lilikuwa limeangukia kwenye fungu lake.

Ndipo Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Nna thumni na kwenye nyumba, siyo?"

Kaka akarudi ndani hatua moja. Mfanyabiashara huyo, alishasikia.

Nilimshika Mama mkono. Nilimwambia usifanye hivyo, Mama, thumni ndiyo inayokufanya uitwe mwenye nyumba, bila hiyo hapa utakuwa mgeni, atakutoa siku atakayotaka. Fungu langu mimi haliwezi kumzuia mwenye mafungu mawili. Alinipiga piga mkono kama anayemtuliza mtoto.

"Nyumba hii nimeikaa umri wangu wote n'kiomba ruhusa," akasema. "Thumni ya ruhusa mie naifanyia nini?" Akamgeukia Kaka. "Zote za mkono wangu. Na uape hukuzipiga picha hata moja."

Kaka akaapa. Nilimngoja aseme, acha bwana, Mama, chukua zako. Nilimngoja kwa dhati, mpaka leo najicheka. Mwanamume yule alinyonya kwa mwanamke yule. Alichouliza ni lini amlete mwandishi wa mahakama.

Mwandishi alikuja na mashahidi, wakakaa majlisi. Mama alijibu kutoka nyuma ya mlango. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, kwa hiari yangu. Ndiyo, nafahamu ninachokitoa. Karatasi ya mahakama ilipitishwa chini ya mlango, akaitia saini, ikarudi. Jalada halikuweza kupita chini ya mlango, nene, kwa hiyo Kaka alinipa mimi, na kabla hajaliachia alilikung'uta vumbi kwa kiganja.

Karatasi yenye jina la Mungu hatutupi, na Mama hataki hata kuichoma, anasema moto ni adhabu. Njia yake ni ile ya chuoni, walivyokuwa wakiosha ubao: unauosha wino kwa maji safi, na maji unayamwaga mahali ambapo hapakanyagwi. Alingoja asubuhi moja ya jua, eda ikielekea mwisho, tukakaa uani na beseni. Alizisoma moja moja, midomo tu, kisha akaitumbukiza kila aliyomaliza na kuipapasa kwa vidole kama anayeosha mtoto. Wino ulitoka kwa hiari. Maji yakawa buluu, yakawa buluu nzito. Mama alikuwa anatabasamu. Sijamwona na uso ule kabla ya hapo, ulikuwa uso wa msichana, na nilifurahi kwa ajili yake mpaka nikasahau nyumba.

Kisha akainyanyua ya kwanza.

Maneno yake yote yalikuwa yametoka. Ya Baba yalikuwa pale pale. Alitumia peni ya jeshini, ile ya wino wa mafuta, na maji hayakumgusa. Karatasi nyeupe, na pembeni: Maneno mengi. Nyingine nyeupe, na pembeni: Rudia. Mama akaisugua kwa kidole gumba, akaisugua kwa sabuni, karatasi ikaanza kuchanika na wino mwekundu ukabaki umesimama wima. Tulizitoa moja baada ya nyingine. Baba alikuwa amebaki peke yake katika kila ukurasa, anafoka.

"Mwenyewe kafa," Mama akasema, "peni yake hai."

Hakulia. Maji aliyamwaga kwenye shina la muasumini, mpaka tone la mwisho. Karatasi tulizianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, labda jua litazifanya kitu.

Jua halikuzifanya kitu. Kaka alikuja Ijumaa baada ya sala kula wali, kama kawaida yake, akazikuta bado zinapepea uani. Akapita mbele yake moja moja, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. Mbele ya ile fupi alisimama muda mrefu, na kwa dakika ile nilidhani moyo wake umepasuka mahali.

"Mwandiko wa Baba huu," akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Bi Mkubwa, hizi sasa si barua zako. Neno lako hamna humu. Hizi ni karatasi za Baba."

Beseni lilikuwa karibu na mkono wangu, na Mungu ndiye aliyelizuia. Mama alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Chukua," akamwambia. "Umesema kweli. Sasa anasomeka vizuri."

Akazichukua, akazikunja, na vibanio akavirudisha kikapuni, maana ni mtu wa mpangilio. Mama alitoka eda, tukamwogesha, tukamfukiza udi, na baada ya muda mfupi nyumba ikapangishwa kwa familia ya wageni. Sasa anaishi kwangu, kwenye fleti ya Al-Khuwair, na bado huniuliza kama anaweza kufungua dirisha.

Maonyesho yalipofunguliwa, alitaka kwenda. Nilimpeleka siku ya meli, palikuwa pamejaa. Koti la Baba lilikuwa ndani ya kioo, na dira yake, na ramani nilizotoa mimi kwenye fungu langu kwa sababu sikuwa na pa kuziweka. Kwenye kioo cha peke yake palikuwa na karatasi nyeupe yenye mistari mitatu myekundu: Vizuri. Hivi ndivyo. Ruhusa imetolewa. Kibandiko kilieleza kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba ni jibu la afisa kwa ombi la askari wake mmoja, kule mpakani.

Mtalii mmoja, bibi wa makamo mwenye kofia, aliona tunasimama sana akaniuliza imeandikwa nini. Nikamfasiria neno kwa neno, hiyo ndiyo kazi yangu. Akaweka mkono kifuani, akasema jambo, akapiga picha akaondoka.

"Kasemaje?" Mama akauliza.

"Kasema alikuwa afisa mwenye moyo mzuri."

Mama akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, kichwa nyuma, mkono kwenye kioo cha Baba, watu wakageuka, akacheka mpaka nikamdaka kiunoni asianguke. Mlinzi akaja mbio, kijana mdogo, akamwita khala, yaani mama mdogo, akamuuliza ana nini.

Mama akajipangusa machozi, akajinyoosha. Akamjibu kwa Kiarabu, mstari mmoja, kama alivyofundishwa.

"Mguu unauma. Naomba kiti."

Kililetwa hapo hapo.